Hati Inayomsemea Mwenyewe

Ukishuka gari penye Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, ile ambayo zamani za ukoloni iliitwa Doonholm, utajiona umezungukwa na mitaa ambayo majina yake yenyewe ni historia: Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo, Jericho. Ingia katika vichochoro vyake, nawe hutakosa kuona chumba chembamba chenye kompyuta nne au tano zilizopangwa ukutani, ambamo mteja hulipa kwa dakika. Watu wa mjini hukiita saiba. Humo ndani huenda ukamkuta kijana ambaye kazi yake ni kuwatengenezea wafanyabiashara kurasa za matangazo, na ambaye kila jioni huzipeleka faili zake katika kompyuta nyingine iliyoko Ulaya au Marekani. Mbele ya mlango wa kompyuta hiyo ya mbali huulizwa maswali mawili yasiyobadilika: U nani? Na neno lako la siri ni lipi?

Kijana huyo, kama wanadamu wote, huchoka kuulizwa. Basi huyaandika majibu yake mara moja katika faili ndogo, akaiweka mahali pake ndani ya kompyuta, na tangu siku hiyo programu ya kupelekea faili huisoma na kumjibia. Faili hiyo ina jina lisilopendeza sikioni. Huitwa .netrc, na nukta iliyo mbele ya jina huifanya isionekane upesi katika orodha ya faili nyingine. Nataka kukusimulia, msomaji, historia ya faili hii. Lakini nitaanza mbali kidogo, kwa wazee wa mitaa hii hii, kwa sababu katika mji wa Nairobi hati ya kumjibia mtu maswali ya mlangoni ilivaliwa shingoni kabla kompyuta haijabuniwa popote duniani.

Hati hiyo iliitwa kipande. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika. Vita Kuu ikaichelewesha, na utekelezaji wake ukaanza baada ya vita kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, mahali alikotoka na alama za vidole vyake. Chini ya hayo palikuwa na nafasi za kuandikwa habari za kazi: ameajiriwa na nani, kazi gani, tangu siku gani, kwa mshahara gani, na ameachishwa lini. Karatasi hiyo ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikopo cha chuma, na kikopo kikatungwa uzi na kuning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikifananisha na kengele avaayo mbuzi, na mfano huo haukuwa wa mzaha.

Angalia vizuri namna kipande kilivyotumika. Askari akikusimamisha njiani, hakuwa na haja ya kukuhoji kwa kirefu. Alifungua kikopo, akasoma. Mwajiri mpya hakukuuliza ulifanya nini mwaka uliopita, alisoma. Na huko ofisini Nairobi palikuwa na nakala ya alama za vidole za kila aliyeandikishwa, ili karatasi iliyo shingoni ipate kulinganishwa na karatasi iliyo kabatini. Kwa maneno mengine, palikuwa na mtu, palikuwa na hati aliyoichukua, na palikuwa na ghala la kumbukumbu la kuisadiki hati hiyo au kuikanusha. Ukiyashika vema mambo hayo matatu, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya namna kompyuta zinavyotambua watu hata leo.

Walakini mwenye kipande hakuwa na ruhusa ya kuandika neno lolote ndani yake. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri. Mtumishi aliyetaka kuondoka kazini hakuweza kwenda zake mpaka bwana wake atie sahihi kwamba amemwacha. Akiondoka pasipo sahihi hiyo alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Ilitosha bwana mwenye kinyongo akatae kutia sahihi, na mtu huyo alifungiwa milango yote ya mji kwa hati aliyoivaa yeye mwenyewe. Wengi wa waliovaa vikopo hivyo hawakujua hata kusoma yaliyoandikwa juu yao.

Watu hawakunyamaza. Katika mwaka 1921 kijana mmoja aliyeitwa Harry Thuku alianza kuwakusanya Waafrika wa Nairobi wapinge kipande, kodi ya nyumba na kupunguzwa kwa mishahara. Kazi ya Thuku, ajabu iliyoje, ilikuwa ya mtandao: alikuwa mpokea simu katika Hazina ya Serikali, akiketi mchana kutwa kuunganisha nyuzi ili mtu wa huku azungumze na mtu wa kule. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati mkubwa ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe, na mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru akawakebehi wanaume waliosita, akawaongoza watu kusonga mbele. Polisi wakapiga risasi. Hesabu ya serikali ilisema watu 21 waliuawa, naye Nyanjiru akiwa mmoja wao; watu wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Thuku akahamishiwa Kismayu, mji ambao siku hizo ulikuwa bado katika mipaka ya Kenya.

Kipande hakikuondoka kwa ajili ya damu hiyo. Kilidumu robo ya karne nyingine. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na Wazungu walipoambiwa kwamba wao nao watatoa alama za vidole walipiga kelele nyingi sana, jambo linalokuonyesha kwamba walikuwa wamekijua vizuri kipande ni kitu gani. Wanawake wa Kenya hawakuingizwa katika sheria ya kuandikishwa mpaka mwaka 1978.

Mitaa ya Mashariki ya Nairobi ilikua chini ya utaratibu huo. Pumwani ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kariokor ilipata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi wa Vita Kuu. Kisha zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Kaloleni na Bahati. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, na Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Ndiyo maana Jericho na Maringo katika maandishi ya zamani ziliitwa Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Katika mitaa hii mtu aliishi kwa sababu alikuwa na kazi, na alithibitisha kuwa ana kazi kwa sababu alikuwa na karatasi.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 karatasi hizo zilipimwa kwa namna ambayo wazee hawakuisahau. Wakati huo nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, na Jenerali George Erskine akauzingira mji mzima kwa askari wapatao 25,000. Opereshini hiyo iliitwa Anvil, maana yake fuawe. Mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, watu walitolewa nje, wakaketishwa chini, wakaambiwa watoe hati zao. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine. Wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Yule wa ndani ya gunia akitikisa kichwa, basi. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, na wengi wao wakapelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani.

Hapo nakuomba utulie kidogo. Mtu yule aliyeketi chini alikuwa na kitambulisho kamili, chenye vidole vyake na jina lake, na pengine barua njema ya mwajiri. Lakini hati yake ilikuwa imekwisha kuwekwa mikononi mwa wengine, wakaisoma watakavyo, wakaipima kwa ushahidi wa mtu asiye na uso, naye hakuwa na njia ya kujua wala kujibu. Nani anaiandika hati? Nani ana ruhusa ya kuisoma? Maswali hayo ndiyo nitakayoyachukua sasa ninapokuvusha bahari, kwa maana watu waliotengeneza kompyuta walikutana nayo vile vile, ingawa kwao lililohatarishwa kwanza lilikuwa faili tu, wala si mwili wa mtu.

Mwaka 1961, katika chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts kiitwacho MIT, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mtambo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na faili zake, ilibidi kila mmoja awe na neno lake la siri. Maneno hayo yote yaliwekwa katika faili moja, wazi kabisa, pasipo kufichwa kwa hesabu yoyote. Haukupita muda mrefu. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizopewa za kutumia kompyuta hazimtoshi, akaiomba mashine impigie chapa faili ile, nayo ikaipiga. Akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Mwaka 1966 pakatokea kioja kikubwa zaidi: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili tofauti, moja ya tangazo la siku na moja ya maneno ya siri, na kwa kasoro ya programu faili hizo zikabadilishana mahali. Kila aliyeingia kazini siku hiyo alilakiwa kwa orodha ya maneno ya siri ya watu wote.

Mtambo ule ulikuwa kompyuta moja. Shida iliongezeka pale kompyuta zilipoanza kuunganishwa. Tarehe 16 Aprili 1971 Abhay Bhushan, mzaliwa wa India aliyekuwa akisoma na kufanya kazi MIT, alitoa waraka wa kupendekeza kanuni za kuhamisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kanuni hizo huitwa FTP. Zilifanyiwa marekebisho mara nyingi, na waraka ulioziweka katika sura inayojulikana zaidi ulitolewa na Jon Postel na Joyce Reynolds mwaka 1985. Ndani yake mgeni hupeleka kwanza jina lake, kisha neno lake la siri, halafu ndipo afunguliwe. Palikuwa na mlango mmoja wa ukarimu: aliyetaka kuchukua faili zilizowekwa kwa ajili ya umma aliweza kujiita asiye na jina, na kwa adabu tu akaandika anwani yake badala ya neno la siri. Ni kama baraza la msikiti, ambapo mpita njia hunywa maji bila kuulizwa kabila.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika chuo kikuu cha California mjini Berkeley, walipokuwa wakitengeneza aina yao ya Unix, programu ya FTP ikapewa uwezo wa kusoma faili ya .netrc. Maneno yake makuu ni matatu ya Kiingereza. Huandikwa machine, na mbele yake jina la kompyuta unayoiendea. Kisha login, na jina lako. Kisha password, na neno lako la siri. Ni hayo tu. Ukiwa na kompyuta kumi unazozitembelea, huandika mafungu kumi ya namna hiyo, na programu huchagua fungu linaloifaa safari.

Usidhani kwamba faili hii ilibuniwa kwa ajili ya wavivu peke yao. Faida yake kubwa ilikuwa usiku. Kazi nyingi za kompyuta hupangwa zifanyike saa tisa za usiku, wakati nyaya zina nafasi na watu wamelala: kunakili hesabu za mchana, kupeleka taarifa, kuchukua habari za hali ya hewa. Saa hiyo hakuna mtu wa kuketi mbele ya mashine akijibu, U nani? Lazima jibu liwe limewekwa mahali tayari. Kipande nacho kilimsemea mtu, lakini kilimsemea akiwapo; .netrc humsemea mtu asiyekuwapo kabisa, na kompyuta ya mbali haina njia ya kutofautisha.

Watu wa Berkeley waliliona jambo hilo, wakaweka kizuizi ambacho mimi nakihesabu kuwa sehemu bora ya habari hii yote. Katika Unix kila faili ina herufi tisa za ruhusa. Tatu za kwanza humhusu mwenye faili, tatu za kati hulihusu kundi lake, na tatu za mwisho huwahusu watu wengine wote. Mahali penye herufi r pana ruhusa ya kusoma, penye w pana ruhusa ya kuandika, na penye kistari hapana ruhusa. Programu ya FTP ilifundishwa kuzitazama herufi hizo kabla ya kuitumia hati. Ikikuta neno la siri limo ndani, na mtu mwingine yeyote ana ruhusa ya kuisoma faili, hugoma. Humwambia mwenyewe kwamba ruhusa za faili haziko sawa, ama aliondoe neno la siri, ama azirekebishe. Mwenyewe huandika chmod 600 .netrc, na herufi zile tisa huwa rw na baada yake vistari saba. Isipokuwa kwa yule mgeni asiye na jina, ambaye hana siri ya kulindwa, programu haikubali udhuru.

Linganisha na kikopo cha chuma. Kile kilitungwa shingoni makusudi ili kila mwenye amri akifungue. Hii haitumiki mpaka kila asiye mwenyewe awe amefungiwa nje. Kile kiliandikwa na bwana. Hii huandikwa na mwenyewe, naye huweza kuifuta wakati wowote apendao.

Lakini kufuli nzuri haifai kitu kama ukuta una tundu, na FTP ilikuwa na tundu kubwa. Neno la siri lililolindwa vizuri ndani ya faili lilisafiri katika waya likiwa uchi, herufi kwa herufi, na yeyote aliyeweza kusikiliza waya alilisoma. Isitoshe, mashine za siku hizo ziliaminiana mno. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyojinakili yenyewe ikatapakaa mtandaoni Marekani. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kupekua faili za nukta za watumiaji, zile zilizotaja kompyuta wanazozoea kuziendea na zinazowaamini, ikazifuata kama mwizi afuataye anwani alizozikuta mfukoni mwa koti. Mwaka 1995, katika chuo cha ufundi cha Helsinki nchini Finland, mtandao wa chuo ulivamiwa na watu waliokuwa wakinasa maneno ya siri njiani. Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti pale, akatengeneza SSH, ambayo huyafumba mazungumzo yote kabla hayajaingia katika waya.

Mwaka huo huo wa 1995 Nairobi ilikuwa ikianza kuunganishwa na intaneti kamili. Kabla ya hapo, tangu karibu na 1990, shirika la Environment Liaison Centre International lilikuwa likipokea na kupeleka barua za kompyuta kwa simu kupitia London. Barua zilikusanywa kwanza, ndipo simu ikapigwa, kwa kuwa dakika za simu ya ng'ambo zilikuwa ghali mno. Kisha likaja African Regional Computing Centre, na Africa Online, kampuni iliyoanzishwa na Wakenya ambao baadhi yao walikuwa wamesoma MIT, chuo kile kile cha Corbató na Bhushan. Yeyote aliyetumia intaneti Nairobi miaka hiyo atakumbuka mlio wa modemu, na simu kukatika faili ikiwa imefika nusu. Katika hali hiyo, programu iliyoweza kujibu maswali ya mlangoni yenyewe, ikarudi tena na tena hadi faili iishe, ilikuwa neema. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, ile ya TEAMS na ile ya SEACOM, intaneti ikaanza kwenda upesi, na saiba zikawa nyingi katika mitaa.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa Jericho katika chumba chake chembamba, maana hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Tuseme amesoma vitabu, ameandika faili yake, ameipa ruhusa zile za 600. Ameridhika. Analipa, anaondoka. Baada yake anaingia mteja mwingine, anaketi kiti kile kile. Mwenye duka hakumpa kila mteja jina lake la kuingilia; wote hutumia jina moja lililofunguliwa asubuhi. Kwa hiyo mbele ya kompyuta, kijana wa kwanza na mteja wa pili ni mtu mmoja! Vistari saba havimzuii, kwa sababu vistari huwazuia wengine, na kompyuta haioni mwingine yeyote. Mteja wa pili akiifungua .netrc atayakuta yote: kompyuta ya mbali, jina, na neno la siri. Akitaka ataubadili ukurasa wa mfanyabiashara wa Gikomba usiku huo huo, na kumbukumbu zote za huko ng'ambo zitamshuhudia kijana wa Jericho kwamba ndiye aliyefanya. Atakuwa na ushahidi gani wa kujitetea? Hati yake imesema.

Na kuna jambo la pili, ambalo wanafunzi wa kompyuta mara nyingi hawaambiwi. Programu iliyorithi kazi ya kuhamisha faili katika siku zetu huitwa curl, nayo hutunzwa na Daniel Stenberg wa Uswidi tangu miaka ya 1990. Ni programu njema, imo ndani ya simu, televisheni na magari, na tangu mwaka 2018 imekuwa ikija pamoja na Windows, ambako faili yetu huweza kuitwa _netrc. Programu ya curl haisomi hati hiyo mpaka uiamrishe, na hilo ni jema. Lakini ikiisha kuamrishwa, haizitazami herufi tisa za ruhusa. Maelezo yake yenyewe yanakiri kwamba haitalalamika hata kama dunia nzima inaweza kuisoma faili. Ule ugomvi wa programu ya zamani, uliowaudhi watu kwa kukataa kufanya kazi, haumo tena. Mzee alikataa, kijana husoma kimya kimya. Mimi, kwa kadiri ya maoni yangu, nampendelea mzee.

Kenya ilipitisha sheria ya makosa ya kompyuta mwaka 2018 na sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Katika hiyo ya pili imeandikwa kwamba mtu ana haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, na ya kutaka zilizo za uongo zisahihishwe. Mtumishi aliyenyimwa sahihi na bwana wake mwaka 1925 angeisoma ibara hiyo mara mbili. Lakini sheria haingii saiba jioni kumkumbusha kijana afute faili kabla ya kulipa. Hiyo ni kazi yake, nayo huchukua muda mfupi kuliko kutafuta chenji.

FTP yenyewe imekwisha kuzeeka. Mwaka 2021 Firefox na Chrome, programu mbili kubwa za kusomea kurasa za intaneti, zote ziliacha kuifungua, na wenye kompyuta wengi wameufunga mlango huo kwa kuwa waya wake ni uchi. Faili iliyobuniwa kuitumikia, hata hivyo, haikufa pamoja nayo. Programu ya curl huisoma, na Git, ambayo waandishi wa programu huitumia kuhifadhi kazi zao, huisoma kwa kupitia curl. Siku utakapoketi mbele ya kompyuta yenye Unix au Linux, andika ls -l .netrc na utazame upande wa kushoto kabisa. Hesabu herufi kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Tatu za mwisho ni za watu usiowajua. Tazama kama kuna r miongoni mwao.